Sangara wa Ulaya wakati wa vuli: mwongozo kwa walioko ughaibuni

Ikifika mwisho wa Septemba, jumbe za WhatsApp kutoka Sweden, Finland na Ujerumani huanza kunifikia hapa Nairobi, na karibu zote zina lalamiko moja. Kiangazi kizima walivua sangara kando ya gati bila shida, sasa wanatupa chambo mpaka mkono unauma na hakuna anayegusa. Samaki hawajaisha. Wamehama, na ukijua wamefuata nini utawapata wakiwa wanene kuliko walivyokuwa Julai.

Huyu si mbuta, yule sangara wa Ziwa Victoria unayemkuta soko la Gikomba. Mbuta hupita kilo mia. Huyu wa Ulaya, Perca fluviatilis, akifika sentimita 40 watu wanapiga picha. Ni wa kijani, ana mistari myeusi inayoshuka ubavuni, mapezi ya chini ni mekundu, na pezi la mgongoni lina miiba itakayokuchoma kama hukumshika vizuri. Sweden utamsikia akiitwa abborre, Finland ahven, Ujerumani Barsch. Walioko Marekani na Kanada wana ndugu yake wa manjano, na mengi ya hapa chini yanamhusu pia.

Kabla ya ndoano, karatasi. Huku kwetu kijana akienda bwawani na kamba yake, mara nyingi hakuna anayemwuliza kitu. Huko utaulizwa, na kila nchi ina lake. Sweden imewaachia watu wote uvuvi wa fimbo katika pwani yake na katika maziwa matano makubwa: Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön. Kwingineko unanunua kibali cha ziwa lenyewe, na siku hizi ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Finland, ukitaka kuvua kwa chambo bandia na una miaka 18 hadi 69, unalipa ada ya serikali. Mwenye fimbo isiyo na rili, yaani isiyo na gurudumu la kukunjia mshipi, na mnyoo halipi. Ujerumani ndiyo ngumu: majimbo mengi yanataka kozi na mtihani kabla ya leseni, na juu yake kibali cha maji unayovua. Jiandikishe kozi wakati wa baridi ili mwaka ujao usikae ukitazama wenzako.

England leseni inaanza miaka 13, lakini wewe unayetaka kitoweo sikiliza vizuri: mtoni, sangara aliyezidi sentimita 20 lazima arudishwe majini. Kwenye mabwawa na maziwa, mwenye maji ndiye anayeamua, na wengi hawaruhusu kuondoka na samaki. Kwa hiyo ukiwa London, vua kwa raha ya kuvua, samaki wa kula wanunue sokoni.

Sasa, wamekwenda wapi? Kiangazi, samaki wadogo hujificha kwenye majani ya majini karibu na ukingo. Maji yakipoa majani yanakufa, maficho yanaisha, na vidagaa hao wanajikusanya makundi makubwa na kushuka kwenye kina. Sangara anawafuata, kwa sababu anahitaji kushiba kabla ya barafu. Ndiyo maana mimi huwaambia watu waache kumtafuta sangara, watafute omena wake kwanza. Tazama shakwe wanaopiga mbizi sehemu moja, tazama maji yanayochemka ghafla kwa visamaki vinavyoruka. Bandari ndogo za mashua, miguu ya madaraja na kona za mifereji hushika vidagaa mpaka Novemba, na mtu asiye na boti anaweza kuvua hapo.

Septemba anza pale majani yanapoishia, kina cha mita mbili hadi nne. Oktoba sogea kwenye miteremko, mita nne hadi nane. Katikati ya vuli kuna siku maji ya juu yanapoa hadi kulingana na ya chini, upepo unachanganya maji ya ziwa zima, na samaki wanatawanyika kila mahali. Siku hizo nenda mtoni au kafue nguo.

Saa nazo zinabadilika. Sangara anawinda kwa macho. Septemba alfajiri na magharibi ni nzuri, lakini kuelekea Novemba samaki huamka mchana, saa tano hadi saa nane. Aliyezoea jua la Nairobi linalotua karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima hushtuka: Stockholm katikati ya Novemba jua limezama kabla ya saa tisa na nusu alasiri.

Vifaa visikutoe jasho. Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 inayobeba gramu 3 hadi 15, rili ya namba 2000 au 2500, mshipi wa kusukwa wa milimita 0.08 au 0.10, na mbele yake mita moja ya florokaboni, uzi usioonekana kirahisi majini, ya milimita 0.25. Kama maji yana paiki, yule samaki mrefu mwenye mdomo uliojaa meno, funga kipande kifupi cha waya mwembamba mwishoni, la sivyo atakata na kuondoka na chambo chako. Chambo chenyewe: samaki wa mpira wa sentimita 5 hadi 8 kwenye ndoano yenye kichwa kizito, gramu 3 hadi 5 maji mafupi, 7 hadi 10 kwenye kina au upepo. Ongeza visahani viwili vya kuzunguka, vya chapa ya Mepps namba 2 kwa mfano, vya Septemba samaki bado wakiwa na mbio. Madukani utaona ukuta mzima wa rangi. Maji maangavu, rangi za samaki wa kweli. Maji machafu, rangi kali. Basi. Kina kina maana mara kumi kuliko rangi, na muuza duka hatakuambia hilo.

Namna ya kuvuta ndiyo wengi wanakosea. Tupa, acha chambo kizame huku ukiangalia mshipi. Ukilegea ghafla, kimefika chini. Zungusha mkono wa rili mara mbili au tatu, kiruke, halafu acha kianguke tena mshipi ukiwa umenyooka kidogo tu. Sangara huuma kikiwa kinaanguka: utasikia *tuk* moja kwenye kidole, au utaona mshipi unasimama kabla ya wakati wake. Inua fimbo kwa kipimo, usivute kama unang'oa muhogo, maana ngozi ya mdomo wake ni nyembamba na inachanika. Baridi ikizidi, punguza kila kitu: ruka fupi, pumziko refu, hata sekunde tano chambo kikiwa kimelala chini. Ukimpata mmoja mkubwa tupa tena papo hapo pale pale, kwa sababu wanatembea kwa makundi ya umri mmoja. Wakija wadogo watupu, hama.

Kama bado uko Nairobi na safari inakaribia, jifunze kurusha kabla hujapanda ndege. Mpwa wangu aliyekuwa anakwenda Finland nilimpeleka uwanja wa mpira wa mtaa wetu, nikaweka beseni la kufulia mita ishirini mbele, nikamfungia kipande cha risasi bila ndoano.

“Anko, watu wanatuangalia.”

“Waache waangalie. Beseni liko wapi?”

Jioni ile watoto wa mtaa walikuwa wanahesabu kwa sauti kila anapolipata. Mwenye nafasi aende Naivasha, ambako kuna samaki aitwaye basi (bass), wa asili ya Marekani, waliopandikizwa ziwani. Chambo cha mpira kinachovutwa kwa kurukaruka hupendwa na basi vile vile, kwa hiyo mkono unaojifunza huko utafaa Tampere, kule Finland. Panda boti na mwenyeji anayejua viboko wanakaa wapi.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Kibofu cha hewa cha sangara hakina njia ya kutolea hewa haraka. Ukimpandisha kutoka chini ya mita kumi, hewa inavimba ndani, tumbo linajaa, na hata ukimrudisha huenda akaelea na kufa. Kwa hiyo kwenye kina hicho vua unaokusudia kula tu, na ukishapata wa kutosha, funga mkoba. Kama nia yako ni kuachia, baki juu ya hapo.

Mavazi: sufu ndani, koti lisilopitisha maji nje, buti zenye meno kwa ajili ya mawe yenye majani mabichi. Kwenye boti vaa jaketi la kuokolea hata kama wenyeji hawavai. Maji ya nyuzi joto nane yanakumaliza nguvu za mikono kabla hujaanza kupiga kelele.

Jikoni, usipoteze muda kuparua magamba yake, ni magumu ajabu. Pasua minofu, pitisha kisu kati ya nyama na ngozi, ngozi itatoka nzima. Nyama ni nyeupe, tamu, haina mafuta mengi, kwa hiyo inakauka upesi kikaangoni. Paka ndimu, chumvi, bizari na kitunguu saumu, kaanga dakika mbili kila upande, au uipike kwa tui la kopo kutoka duka la Waasia na ule na ugali. Wajawazito na wanaonyonyesha wawe waangalifu: kwa sababu ya zebaki, mamlaka ya chakula ya Sweden inawashauri wasile sangara wa maziwani zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka.