Unaendesha baiskeli za mbio Mombasa? Hivi ndo unajichunga na dawa za kuongeza nguvu

Wadogo zangu, hii ni ya wale tunaokutana Jumapili alfajiri pale Mama Ngina jua halijatoka, na wale wa Mtwapa, na wale wanaopandisha Mazeras mpaka miguu inatetemeka. Juzi kijana wa miaka 17 kanivuta pembeni akaniuliza "kochi, hakuna kitu cha kuongeza pumzi?" na sikulala vizuri usiku ule wallahi, basi naandika yote hapa mara moja.

Anza kwa kujua mtu huanguka vipi. Lance Armstrong, Mmarekani wa Texas, alikuwa bingwa wa dunia wa baiskeli 1993 akiwa na miaka 21, 1996 akashikwa na kansa ya korodani ikasambaa mpaka mapafuni na kwenye ubongo, akapona, akarudi barabarani akashinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara saba mfululizo, 1999 mpaka 2005. Watu wagonjwa walikuwa wanapata moyo kwa kumuona yeye tu. Sasa tizama hapa, ile Tour ya kwanza ya 1999 mkojo wake ulionekana na kotikosteroidi kidogo, dawa ya kupunguza uvimbe, ikaletwa karatasi ya daktari kwamba ni krimu ya kidonda cha kukalia siti, na miaka baadaye mtu wa ndani ya timu yake akasema ile karatasi ilirudishwa tarehe nyuma. Kila nikifika hapo mie husimama. Ile karatasi moja ikazaa uongo mwingine, na mwingine, mpaka 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, USADA, likatoa ripoti na ushahidi wa wenzake walioendesha naye, Tour zote saba zikafutwa pamoja na matokeo yote tangu Agosti 1998, akafungiwa maisha. Januari 2013 akakiri kwenye televisheni kwa Oprah Winfrey, EPO, kuongezwa damu, testosteroni, vyote. Medali ya shaba ya Olimpiki ya Sydney 2000 pia ikaenda.

EPO yenyewe ni homoni ambayo figo zako zinatengeneza kiasi chake, inaambia mwili utoe chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Ukijidunga ya ziada ni kweli pumzi inaongezeka, siwafichi, lakini damu inakuwa nzito na moyo unasukuma kitu kama uji.

Haya, kazi yenyewe. Nunua daftari. Lile la shule la bei rahisi latosha, langu limelowa jasho mpaka wino umetawanyika lakini lasomeka. Kila kinachoingia mwilini ambacho si chakula cha kawaida kiandike, tarehe, saa, jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, nani amekupa na kwa nini, halafu piga boksi picha mbele na nyuma kabla hujalitupa. Andika siku hiyohiyo. Ukisahau, andika kwamba ulisahau, usirudishe tarehe nyuma hata siku moja, ushaona ilimfikisha wapi mwenzako.

Ukienda duka la dawa sema mapema kabisa, "mimi ni mchezaji, napimwa". Mwaka mmoja kusi lilikuwa linavuma, mafua yamenibana, nikapewa vidonge na muuzaji muungwana tu asiyejua mambo yetu. Nikatoka nje juani kusoma yale maandishi madogo kama chembe za mchele, nikaona pseudoephedrine. Hiyo siku ya mashindano ikizidi kiwango kwenye mkojo umekwisha, na mie nilikuwa na mashindano kesho yake. Nikarudisha, nikanywa maji moto na tangawizi nikashindana na makamasi yangu. Tramadol ya maumivu nayo imo kwenye orodha ya dunia ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 2024, na prednisolone ya kumeza pia yakatazwa wakati wa mashindano. Orodha hiyo hubadilika kila tarehe 1 Januari kwa hivyo usiniamini mimi milele, waulize ADAK, wale wa serikali wa kupambana na dawa michezoni, kabla hujameza.

Poda za jimu zile za mkebe mkubwa, mie nasema acha kabisa. Alberto Contador wa Uhispania alipatikana na klenbuterol, dawa iliyokatazwa, kidogo mno kwenye Tour ya 2010, akasema ni nyama aliyokula, mahakama ya michezo ikaona linaloelekea zaidi ni virutubisho vilivyochafuliwa, na bado wakamnyang'anya Tour na kumfungia miaka miwili. Manake sheria iko hivi, kikipatikana mwilini mwako ni chako, hata kama hukukusudia. Kunywa maji ya madafu, kula mbaazi kwa mahamri, viazi vitamu, tende, mbona vyatosha.

Halafu dripu. Huku kwetu mtu akichoka kidogo tu anakwenda kutundikiwa chupa. Zaidi ya mililita 100 ndani ya masaa 12 ni kosa, hata ikiwa maji ya chumvi matupu, isipokuwa ni matibabu ya hospitali yenyewe. Kama umeumwa kweli nenda, uhai kwanza, ila chukua karatasi zote.

Wenye pumu, salbutamoli ya kuvuta yaruhusiwa kwa kiwango, usikae umebanwa kifua kwa kuogopa. Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi, alipata taabu karibu mwaka mzima 2017 hadi 2018 kwa kuonekana amezidisha, mwishowe akasafishwa. Dawa ikiwa kwenye orodha na daktari aona huwezi kuishi bila hiyo, kuna kibali cha matibabu, unaomba kabla.

Na muguka jamani. Miraa na muguka vina katini na katinoni, vitu vya kuchangamsha mwili, vyote viko kwenye orodha ya siku ya mashindano, kwa hivyo ile barazani ya Ijumaa usiku na mbio za Jumamosi haviendi pamoja. Bangi vilevile. Kahawa tungu kunywa, haina neno.

Kama ushatumia, sema mapema. Wenzake Armstrong kama George Hincapie waliokwenda kueleza walifungiwa miezi sita.

Siku ya kupimwa usikimbie wala usizime simu, kukataa peke yake ni kosa. Uliye chini ya miaka 18 uwe na mtu mzima wako. Utachagua chombo mwenyewe, utakojoa afisa wa jinsia yako akitazama, ni aibu mara ya kwanza halafu wazoea, mkojo unagawanywa chupa A na chupa B, funga kwa mkono wako na usome namba kwa sauti ulinganishe na fomu. Wataweza kuupima tena miaka kumi baadaye. Wakikuuliza umetumia nini siku saba zilizopita, fungua lile daftari usome yote, hata panadol. Kabla hujasaini omba nakala yako, na ukifika nyumbani uigundishe kwenye daftari kwa gamu, pembeni uandike tarehe ya leo.