Diski mbili, data moja: RAID 1 kwenye Debian

RAID 1 hufanya diski mbili zibebe data ileile, moja ikifa nyingine iendelee. Ingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo), uandike `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`, ulinganishe namba unazoziona na zile za kwenye lebo za diski. Hapa usikimbilie, maana amri ya kuunganisha haina huruma na data iliyomo. Mimi hununua diski za kampuni mbili tofauti. Pacha waliotoka kiwandani pamoja hupenda kufa pamoja.

`apt install mdadm` (programu ya kusimamia RAID), kisha, ukiweka majina ya diski zako uliyoyaona kwenye lsblk badala ya sdb na sdc:

`mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc`

Sasa diski hizo mbili zinaonekana kama moja, /dev/md0. Tazama `cat /proc/mdstat`. [UU] ni kwamba zote zi hai. [U_], moja imeanguka. Kunakiliana kwa mara ya kwanza huchukua saa kadhaa kwa diski kubwa, ila huna haja ya kungoja: piga `mkfs.ext4 /dev/md0` kuiandaa ipokee mafaili, uendelee na kazi.

Wengi huishia hapo, halafu seva ikiwashwa upya wanakuta md0 imegeuka md127. Dawa yake:

`mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf`
`update-initramfs -u`

Kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kufunguliwa seva ikiwaka) weka UUID (kitambulisho cha kipekee) ya md0, na neno nofail pia, seva isije ikagoma kuwaka md0 isipopatikana.

Bekapu bado unaihitaji: ukifuta faili, limefutika kotekote.