Somo: Mafuta ya manowari si pesa za mfukoni

Hamjambo wapenzi wa ramani. Wengi mmeniuliza navyoyahesabu mafuta katika mchezo wetu wa vita wa ramani, Bahari Hindi ya 1942, ule tunaocheza barazani Mji wa Kale kila Jumamosi baada ya magharibi. Naandika yote hapa.

Mwanzo niliyafanya mafuta kama pesa. Kila mchezaji na daftari lake: visima vinaongeza, manowari zinapunguza. Kijana aliyeshika Japani akaiteka Palembang, penye visima vya mafuta huko Sumatra, daftari likajaa mafuta 40, na zamu ya sita manowari zake zote zikatia nanga mbele ya Ngome ya Yesu. Mafuta yenyewe yako Sumatra! Nilikunja ramani usiku ule nikaanza upya. Tangu hapo, kwetu mafuta ni kitu kinachokaa mahali, na asiyeweza kukifikisha manowarini hana mafuta.

Hatua ya 1: chagua mwaka kwanza. Mchezo wa 1900 unataka makaa ya mawe na vituo vya kuyapakia. Uingereza ilikuwa na makaa yake, mafuta haikuwa nayo. Ndiyo maana manowari zake zilipoanza kutumia mafuta, serikali ilinunua mwaka 1914 hisa nyingi za Anglo-Persian, kampuni ya mafuta ya Uajemi. Mchezo wa 1942 unataka mafuta, mpira na chuma. Usirundike rasilimali kumi. Kama kuikosa hakumlazimishi mchezaji kubadili mpango, itoe.

Hatua ya 2: tenga kisima, kiwanda cha kusafisha, meli na tangi. Hapa ndipo penye kazi. Sisi tunatumia vizibo vya soda kuwa ndiyo mafuta. Abadan, bandari ya mafuta ya Uajemi, inatoa vizibo 4 kila zamu, lakini kiwanda kinasafisha 3 tu. Meli moja ya mafuta inabeba 2, na inavuka eneo moja la bahari kwa zamu. Toka Abadan hadi Kilindini nimechora maeneo matatu, na tangi la Kilindini halipokei zaidi ya vizibo 5. Kizibo kinasukumwa kwa kidole mbele ya macho ya wote, na nyambizi ya adui ikiikuta meli, vizibo vyake vinarudi mkebeni. Utaona mchezaji anavyoanza kuililia meli moja ya mafuta kuliko manowari mbili.

Hatua ya 3: matumizi. Kikosi kilichotia nanga hakili kitu. Kikisafiri kinakula kizibo 1 kwa kila eneo, kikipigana kinaongeza 1. Kisipopata, kinabaki kilipo. Basi.

Hatua ya 4: kisima kilichotekwa. Kisitoe mafuta papo hapo. Wajerumani waliingia Maikop, mji wa mafuta kusini mwa Urusi, Agosti 1942 wakakuta Wasovieti wameshaviharibu visima. Kwetu, anayerudi nyuma anaruhusiwa kuchoma, na mtekaji anarusha dadu kila zamu mpaka apate 6.

Hatua ya 5: mbadala. Ujerumani ilitengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe. Mpe mchezaji nafasi hiyo kwa gharama kubwa, na viwanda hivyo viweze kupigwa toka angani, kama vilivyopigwa kuanzia Mei 1944.

Maswali

*Mwalimu, kwa nini Kilindini ipewe tangi kubwa hivyo? Si bandari ndogo tu wakati huo?*

La, ndugu yangu. Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, Waingereza walihamishia Kilindini sehemu ya kundi lao la manowari za mashariki. Bila tangi hapa, mchezaji wa Uingereza hana pa kurudi nyuma.

*Shikamoo mwalimu. Afrika Mashariki yetu haikuwa na rasilimali yoyote ya kuweka ramanini?*

Marahaba mwanangu. Ilikuwa nayo, na swali hili limenifurahisha. Ufilipino na Java zilipotekwa, kamba za meli zilitegemea katani ya Tanganyika na Kenya. Pareto ya Kenya nayo ilitengenezewa dawa ya wadudu kwa askari waliokuwa sehemu zenye malaria. Ninaweka katani Tanga: Uingereza ikiikosa zamu tatu, haiundi meli mpya.

*Kaka, mimi hushika Japani na kila mara naishiwa. Hii haki kweli?*

Kuishiwa ndiko kulikoisukuma Japani vitani. Takriban asilimia 80 ya mafuta yake yalitoka Marekani, na Agosti 1941 yakakatwa. Mwaka 1944 ilibidi manowari zake nyingi zikae Lingga, karibu na Singapore, ili ziwe jirani na visima. Jaribu hivyo Jumamosi hii: vikosi vyako viweke karibu na Palembang, meli zako za mafuta zisitoke bila walinzi. Ushindi wako tutauhesabu kwa idadi ya zamu utakazodumu. Ukifika zamu ya 20, meza ni yako.