SOMO: Fielder 121 au 141? Zijaribu hivi kabla hujatoa pesa

Swali hili limenichosha. Atakayeuliza tena nitamtumia hii, basi.

Nazungumzia Toyota Corolla Fielder za cc 1500: NZE121 (2000 hadi 2006) na NZE141 (2006 hadi 2012). Injini ni ile ile, 1NZ-FE, farasi 110 hivi. Tofauti iko kwenye giaboksi: 121 otomatiki ina gia nne, 141 nyingi ni CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, mkanda na puli tu.

1. Pima oili na maji injini ikiwa baridi.

2. Tairi zote ziwe na upepo sawa.

3. Pakia watu wanne, washa AC.

4. Panda mlima giaboksi ikiwa moto. Hapa ndipo wanunuzi huumia. Zunguka kwanza kwenye msongamano wa Kondele, Kisumu, nusu saa, kisha pandisha kutoka Mamboleo kwenda Riat. Katikati ya mlima simama pembeni penye nafasi, halafu ondoka taratibu. Kwa 121, sikiliza inapotoka gia ya kwanza kuingia ya pili: ikikupiga teke mgongoni, au injini ipae kabla gia haijashika, iache. Kwa 141, injini kunguruma kabla gari halijachangamka si ubovu, CVT ndivyo zilivyo. Ubovu ni kutetemeka ukiondoka, au mluzi unaopanda na mwendo. Muuzaji akisema "hiyo ni oili tu," mwambie abadilishe yeye, kisha mpande tena. Anayetaka mjaribu kwenye tambarare pekee, agana naye.

5. Kushuka, 121 zima overdrive (gia ya juu kabisa), 141 itoe kwenye D uishushe nafasi ya chini yake, injini isaidie breki. Usiweke N, hata kama jamaa wa matatu anakuambia unaokoa mafuta.

Mimi? Kwa Salgaa, barabara ya Nakuru–Eldoret, na malori yake nachukua 121. Ukikanyaga inashusha gia mara moja. Kwa mjini, 141 ni laini zaidi.

Otis_K: Kwa hiyo ipi bora?
— Soma mstari wa mwisho.

Otis_K: Niko kazini mkuu, fupisha.
— Gari la laki kadhaa, na dakika mbili huna?

MamaNjoro: Nilijaribu 141 Kisumu ikavuta vizuri. Nyingine hapa Nakuru ilikuwa nzito. Ni mbovu?
— Dada, swali zuri. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Zijaribu zote mbili barabara moja, siku moja, ndipo uhukumu. Ikibaki nzito, kagua chujio la hewa na plagi.

Fundi_Ahero: Ongeza hili: kuna watu wanamwaga ATF ya kawaida (oili ya otomatiki za gia) kwenye CVT. Mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, giaboksi inakwisha.
— Kweli kabisa. Na ukinunua, mwagisha oili ya giaboksi mbele ya macho yako. Ikitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua, ujue.

Otis_K: Na Nissan Wingroad je?
— Fungua uzi wako.