Soma alama ndogo kwenye kadi ya kamera

Anayenunua kadi ya kumbukumbu ya kamera ya dijitali asivutiwe na tarakimu kubwa iliyochapishwa mbele yake, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta, ilhali kamera inayopiga picha mfululizo au kurekodi video hutegemea kasi ya kuandika. Kinachofaa kutazamwa ni alama ya V: V30 huahidi kwamba kasi ya kuandika video haitashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, V60 megabaiti 60, na V90 megabaiti 90. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde huhitaji megabaiti 12.5 tu, kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hivyo V30 humtosha mpiga picha wa harusi, na fedha inayobaki ni heri inunue kadi ya pili. Kadi ya UHS-II, kiwango cha uhamishaji data chenye kasi kuliko UHS-I, inayotambulika kwa safu mbili za vipande vya metali mgongoni, hufanya kazi pia katika kamera ya UHS-I, ila kwa kasi ya UHS-I.

Kadi bandia ni nyingi, na baadhi hujitambulisha kuwa na gigabaiti 256 ilhali uwezo wake halisi ni sehemu ndogo tu ya hizo. Kabla ya kuipeleka kadi mpya kazini, ijaze yote kwa programu ya H2testw, ambayo huandika data hadi mwisho kisha huisoma upya, halafu uifomati ndani ya kamera yenyewe.