Namna ya Kuandaa Igizo la Muziki la Fame Katika Shule ya Sekondari Uganda

Igizo la Fame, lililopanda jukwaani kwa mara ya kwanza Miami mwaka 1988, miaka 8 baada ya filamu iliyolizaa, linawafuata wanafunzi wa shule ya sanaa za maonyesho ya New York tangu usaili hadi mahafali. Kabla ya lolote, shule yako iombe kibali kwa wenye haki za igizo hili na ilipe ada.

Usaili wa waigizaji usiwe wa sauti peke yake. Mwanafunzi acheze dakika 2 mfululizo, kisha aimbe hapo hapo bila kupumzika. Atakayebakiwa na pumzi ya kumaliza ubeti ndiye anayefaa, hata kama wenzake wana sauti tamu kuliko yake. Hapa Uganda tuna neema, maana kijana aliyelelewa katika ngoma ya larakaraka ya Waacholi au ya bakisimba ya Baganda amekwisha kuzoea kuimba huku miguu ikifanya kazi, na ndiyo sababu mimi hupendelea kufungua kila zoezi kwa ngoma hizo. Zisiingizwe, hata hivyo, katika igizo lenyewe bila idhini.

Penye uzito zaidi ni ugomvi wa Tyrone, mcheza dansi hodari anayetatizwa na kusoma, na Bi Sherman, mwalimu wa Kiingereza asiyekubali masomo yaachwe kwa ajili ya dansi. Wazazi wengi watakaoketi ukumbini wamejinyima ili walipe karo, nao watasimama upande wa mwalimu. Kwa hiyo usimruhusu mwigizaji wake afoke tangu mwanzo. Aseme kwa sauti ya chini, kama mtu anayemhurumia kijana, na Tyrone ndiye apandishe hasira, ili hadhira ione kwamba wote wawili wana haki. Ugomvi huu upewe siku nyingi za mazoezi kuliko dansi yoyote.

Carmen, anayeacha shule kufuata umaarufu Los Angeles na kuangamizwa na dawa za kulevya, azungumziwe na kundi zima kabla ya mazoezi, wala asichekwe.

Kumbi nyingi za shule zina sakafu ya saruji, inayoumiza magoti: punguza miruko, na wacheze kwa viatu vya soli ya mpira. Onyesho lianze saa 8 mchana, ili umeme ukikatika mwanga wa madirishani utoshe na bendi iendelee kupiga.