Namna ya Kuwafunza Wauguzi wa ICU (Wodi ya Wagonjwa Mahututi) Utunzaji wa Mpira wa Mkojo

Mafunzo haya yaanzie kitandani kwa mgonjwa, si ukumbini. Kabla ya kumwita mtu yeyote darasani, msimamizi wa wodi apite kila siku na daftari, ahesabu wagonjwa wenye mpira wa mkojo (katheta, mrija unaoingizwa kwenye kibofu kutoa mkojo) na aandike sababu ya kila mmoja kuwa nao. Kiwango cha maambukizi ya njia ya mkojo yatokanayo na mpira hukokotolewa kwa kila siku 1,000 za mpira (mgonjwa mmoja akiwa na mpira kwa siku moja ni siku moja ya mpira), na bila hesabu hiyo hakuna atakayejua kama mafunzo yamebadilisha chochote.

Somo la kwanza liwe kuutoa mpira, kwa sababu kila siku inayoongezeka mpira ukiwa ndani, hatari ya bakteria kuonekana kwenye mkojo ni takriban asilimia 3 hadi 7. Kupima mkojo kila saa kwa mgonjwa mahututi ni sababu halali; kukwepa kubadilisha shuka si sababu. Swali la kama mgonjwa bado anauhitaji liulizwe kila zamu zinapokabidhiana, na madaktari waridhie kwa maandishi kwamba muuguzi anaweza kuutoa mara sababu inapokwisha, la sivyo mtakuwa mnamfundisha jambo asiloruhusiwa kulitenda.

Kisha wauguzi wafanye kwa vitendo wawili wawili, mmoja akitenda na mwenzake akifuatilia kwenye orodha. Uwekaji wengi wanaufahamu; tumieni muda mwingi zaidi kwenye kumwaga mkojo, ambako ndiko makosa hujificha. Kila mgonjwa awe na chombo chake, mdomo wa bomba la kutolea usikiguse, na glovu zivuliwe na mikono isafishwe kabla ya kwenda kitanda kinachofuata. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, hata mgonjwa anapopelekwa kupigwa picha, maana ukilazwa tumboni mwake mkojo hurudi ulikotoka.

Patakuwa na ubishi, hasa kutoka kwa wazoefu, kuhusu kubadilisha mpira kwa ratiba, kuosha kibofu kwa dawa, na kupaka dawa ya kuua vijidudu kwenye njia ya mkojo kila siku. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, wa mwaka 2009 hauungi mkono lolote kati ya hayo kama kinga ya kawaida. Usafi wa kawaida wakati wa kumwogesha mgonjwa unatosha.

Matokeo yabandikwe wodini kila mwezi, na yakitokea maambukizi, timu ifungue faili la mgonjwa huyo na kuipitia kila siku ya mpira wake tangu ulipowekwa.